Nani wa Kwetu?

Mwezi uliopita jumuiya yetu ndogo ndogo ilikataa kumchangia mtoto. Amelazwa, ameungua maji ya moto kifuani na mkononi. Mama yake, Msomali kutoka upande wa Mandera, amepanga katika ploti moja na baadhi yetu na huuza sambusa langoni. Katibu alikuwa ameshaandika jina la mtoto kwenye daftari la mchango, chini ya mzee mwenye figo na juu ya karo ya mwanakwaya. Baada ya mazungumzo mafupi aliweka rula, akalikata kwa mstari mmoja wa wino wa bluu. Kisha tukafunga kwa sala.

Hasira yangu haijapoa, na sitaki kuificha. Hoja iliyolikata jina lile ilitolewa na mzee wa heshima, mtu aliyenisimamia siku ya kipaimara. Alisema nyakati ni mbaya, redio imejaa habari za mashambulio, na Bwana mwenyewe alituagiza tuwe na busara kama ya nyoka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Yule mama alikuja kwenye matanga yetu ya mwisho na mabirika mawili ya chai, lakini hilo halikutajwa.

Tumaini lenyewe halihitaji maelezo marefu. Kila aliyepita katekisimu anajua kwamba ni fadhila ya kimungu, pamoja na imani na mapendo. Katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza kwamba tumaini hulenga jema ambalo bado halijafika, ambalo ni gumu kulipata, ila linawezekana. Huruma nayo ni kuguswa na shida ya mwenzako hadi ukatenda. Nakubali yote mawili. Ninalotaka kujua ni kwa nini hofu ikiingia, huruma hutolewa nje kwanza, nasi tunaendelea kusema kwamba tumaini letu liko salama.

Maana siku ile hakuna aliyedhani amepoteza tumaini. Tuliamini kwamba tunaweza kuikata huruma na tumaini likabaki zima. Nionavyo, haiwezekani. Tumaini la Mkristo limejengwa juu ya ufufuko. Ikiwa kifo kimeshindwa, mkono wangu uko huru kutoa. Nikiukunja kwa sababu ya hofu, nimekiri kwa matendo kwamba kifo bado ndicho kinachoamua, hata kama mdomo wangu unaimba Aleluya. Tumaini linalowahesabu wa kwetu peke yao ni hofu iliyovaa nguo za Jumapili.

Lakini turudi kwa nyoka, kwa sababu hoja hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Nimeisoma upya sura ya 10 ya Injili ya Mathayo. Yesu anawatuma wale Kumi na Wawili. Anawakataza kubeba dhahabu na fedha, mkoba na fimbo. Anawaambia wazi kwamba wanakwenda kama kondoo kati ya mbwa mwitu, na hapo ndipo nyoka anapotajwa. Busara ile walipewa watu waliokuwa wakitoka nje, wasio na hata fimbo ya kujikingia, ili waweze kuendelea na kazi ya kuponya wagonjwa. Agizo la kuponya limetangulia mistari michache tu. Sisi tumelichukua neno walilopewa watu wa safarini tukafungia mlango, mgonjwa akiwa nje. Na njiwa, aliyetajwa papo hapo na nyoka, tukamwacha kabisa.

Busara pia ni kujua. Basi na tuulize kikao kile kilijua nini. Kilijua jina la mama, mtandio wake na lafudhi yake. Hakikujua bili imefika ngapi wala mtoto analala wodi gani, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumwona. Pesa zingelipwa moja kwa moja hospitalini, kama tunavyofanya kwa kila mgonjwa, kwa hiyo hata ile hofu kwamba zingefika kwa watu wabaya haikuwa na pa kusimama. Mtu asiyetaka kujua hawezi kujiita mwenye busara. Ana hofu, na hofu si dhambi. Angesema "naogopa", tungekaa naye, tungemwombea, pengine tungeogopa pamoja. Kinachonikera ni kuibatiza hofu na kuipa jina la Injili, kwa sababu hofu iliyobatizwa haiwezi tena kuhojiwa. Ukiipinga, unaonekana unampinga Bwana.

Tena busara ya namna hii haimgharimu kamwe anayeitamka. Gharama yote humwangukia asiyekuwepo kikaoni.

Najua inakotoka. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa, na abiria 28 walioonekana si Waislamu wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga Wakristo na Waislamu. Wazee wetu wanakumbuka hayo, na wana haki ya kukumbuka. Lakini tazama utaratibu wenyewe: kwanza unaulizwa wewe ni wa nani, kisha inaamuliwa unastahili nini. Sisemi rula ya katibu na bunduki vina uzito mmoja, kwani huko kungekuwa kuwadharau marehemu. Nasema swali ni lile lile. Waliotuletea swali hilo kwa risasi walitaka siku moja tuliulize wenyewe, kwa hiari yetu, kikaoni, baada ya rozari.

Na kuna basi jingine. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, lilitekwa basi lililokuwa likielekea Mandera. Abiria Waislamu walijua vizuri yaliyotokea mwaka uliotangulia, hivyo hakuna anayeweza kusema hawakuielewa hatari. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Abiria walipoamriwa wajitenge, walikataa, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Mwenye kuitetea busara ya nyoka anijibu hapa: ndani ya basi lile, nani alikuwa na busara? Kila hesabu ya usalama ilimwambia Farah asogee kando. Wapo Wakristo wanaovuta pumzi leo kwa sababu Waislamu walikataa kuuliza nani wa kwao. Yule mama wa sambusa ametoka huko huko.

Pingamizi nyingine zina haki yake. Serikali ina wajibu wa kutulinda, na huruma yangu haiwezi kufanya kazi ya polisi. Mfuko wa jumuiya ni mdogo na wagonjwa ni wengi. Aliyefiwa Garissa hadaiwi tabasamu na mtu yeyote. Nazipokea zote tatu, na bado mstari ule haukupaswa kuchorwa.

Kila nikifika hapa mawazo yangu huenda kwa mtu ambaye mahubiri humpita haraka: mwenye nyumba ya wageni katika mfano wa Msamaria Mwema. Barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko huteremka takriban mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita zisizofika 30, katika nyika kavu yenye makorongo ya kuvizia. Msamaria tunamsifu, naye alistahili, lakini kesho yake aliondoka. Mwenye nyumba alibaki na majeruhi asiye na nguo wala jina, aliyeletwa na mtu wa taifa lisilopendwa, kwa dinari mbili, ujira wa siku mbili, na ahadi kwamba nyingine zitalipwa. Je, wale wanyang'anyi wangemfuata mtu wao? Majirani wangesema nini wakisikia Msamaria amelala humo? Luka hampi hata neno moja la kusema, wala hatuambiwi kama Msamaria alirudi. Kwangu mimi huyo ndiye mtu wa tumaini kuliko wote katika mfano ule. Amebeba gharama ya leo kwa kuamini neno la mtu atakayerudi. Augustino na mababa wengine wa Kanisa walimwona Kristo katika Msamaria, na Kanisa katika nyumba ile. Ikiwa ndivyo, majeruhi aliletwa mlangoni petu, na aliyemleta ni Kristo.

Hata hivyo, mwenye nyumba huyo huyo ananipa swali ninaloshindwa kulimaliza. Msamaria alimbebesha mtu mwingine sehemu ya huruma yake, na alilipa. Dinari hulipika. Uhai je? Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta nchini Burundi, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na 40 waliuawa. Mwezi uliotangulia, tarehe 18 Machi, wanafunzi wa sekondari ya Nyange nchini Rwanda walikuwa wamekataa amri kama hiyo, na sita waliuawa. Siwezi kuwataja bila kuinamisha kichwa. Lakini wale vijana walitoa uhai wao wenyewe. Kikao cha jumuiya huamua kwa ajili ya wengi, wakiwemo wajukuu wa mzee yule, wanaolala katika ploti ile ile. Mtu aweza kuutoa uhai wake, ila sioni nani amempa ruhusa ya kuutoa wa jirani. Na tukisema basi tusubiri hadi huruma isimhatarishe mwingine yeyote, hatutatenda kamwe, kwa maana hakuna anayeishi peke yake.

Nilimpelekea mzee wangu maneno haya yote nyumbani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, usiku wa manane akibisha hodi mtu anayefukuzwa na wenye bunduki, watoto wako wako ndani, utafungua?" Nikamwambia natumaini ningefungua. Akasema hilo ni jibu la mtu ambaye hajabishiwa hodi.

Hana kosa kusema hivyo, na sina la kumrudishia. Ninachokataa ni kwamba, kwa kuwa sijijui nitakavyokuwa usiku wa hatari, niruhusiwe kuwa mkatili mchana usio na hatari. Bili ya hospitali haikuwa na bunduki nyuma yake. Lakini kati ya bili ile na mlango wa usiku wa manane kuna eneo kubwa: kumpangisha mtu chumba, kumwajiri, kumtolea ushahidi, kumsimamia kituoni akikamatwa. Humo ndimo tunamoishi wengi wetu, na kila hatua inaongeza hatari kwa watu ambao hatujawauliza. Natafuta ni wapi humo mtu anaweza kusimama na kusema kwa haki, mbele ya Mungu, kwamba hapa imetosha. Bado sijapaona.