Mkopo, Riba na Swali la Hasara

Riba ni ziada anayotozwa mkopaji juu ya fedha alizokopa, na Qurani katika sura ya Al-Baqara imeiharamisha, huku ikihalalisha biashara. Likoni na Kisauni, sehemu za Mombasa penye Waislamu wengi, hukumu hiyo haiishii msikitini. Inafika mpaka kwenye uamuzi wa kijana asiye na kazi, kama atauchukua mkopo wa serikali au atauacha. Changamwe, walikohamia Wakristo wengi wa bara kufuata kazi za bandari na viwanda, suala hili husikika kidogo, ingawa vitabu vya Biblia vya Kutoka na Kumbukumbu la Torati navyo vinakataza kumtoza ndugu riba.

Kenya imepambana na ukosefu wa kazi kwa njia ya mikopo pia. Hazina ya vijana ilianzishwa mwaka 2006, ya wanawake 2007, kisha Uwezo ikazinduliwa 2013. Tarehe 30 Novemba 2022 ikaja Hazina ya Hustler, yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa anayejizuia na riba, hii ya mwisho haina mjadala. Mjadala uko kwa Uwezo, iliyoweka ada ya usimamizi ya asilimia 3, inayotozwa mara moja, badala ya riba.

Je, ada hiyo ni riba iliyobadilishwa jina? Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kuwa ada ya huduma ya mkopo inajuzu mradi isizidi gharama halisi. Kinachozidi hapo ni riba. Sasa, kikundi kilichokopa shilingi 50,000 hulipa 1,500, na kilichokopa 500,000 hulipa 15,000, ilhali fomu ni zile zile na afisa ni yule yule. Anayesita kuikubali ada hiyo asidhaniwe mvivu. Ana hoja.

Lakini liko swali zito kuliko la ada: biashara ikianguka, hasara ni ya nani? Mama muuza mahamri wa Mtongwe, huko Likoni, hukanda unga usiku kwa tui na iliki, ili alfajiri awawahi wanaokwenda feri. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, mahamri yanalala, unga na mafuta vimekwisha, na siku ya marejesho iko pale pale. Mkopo wa kikundi huongeza uzito, kwani mmoja akishindwa wenzake humlipia. Mshikamano huo unastahili heshima, ila maana yake ni kwamba maskini humdhamini maskini mwenzake, na mwenye mtaji ndiye wa mwisho kuguswa.

Fiqhi ina njia nyingine. Katika mudharaba mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi. Faida hugawanywa kwa kiwango walichopatana, na mali ikipotea bila uzembe wa mfanyakazi, hasara ya fedha ni ya mwenye mtaji, naye mfanyakazi amepoteza jasho lake. Sira ya Mtume Muhammad husimulia kuwa Bi Khadija wa Makka alifanya biashara kwa njia inayofanana na hiyo: mwanamke mwenye mali, na kijana mwaminifu, Muhammad kabla ya utume, aliyesafiri nayo hadi Shamu.

Gulf African na First Community (sasa Premier), benki za Kiislamu zilizoanza kazi Kenya mwaka 2008, kama nyingi za aina yake duniani, zimetegemea sana murabaha. Benki hununua cherehani kwa, tuseme, 20,000, ikamuuzia fundi kwa 24,000 kwa awamu, na bei haipandi hata akichelewa. Hiyo ni nafuu ya kweli, ila wateja wakikosekana, hasara bado ni ya fundi. Dhamana nayo ni kikwazo: Likoni, wakazi wa ekari 930 za shamba la Waitiki walianza kupewa hati za ardhi, ambazo zingeweza kuwa dhamana, mwaka 2016 tu.

Panapokosekana mwenye mtaji wa kubeba hasara, ipo zaka. Sura ya At-Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane yanayostahili kupewa. Kwa hiyo zaka ya tajiri wa Kisauni inaweza kulipa deni la kijana wa bodaboda aliyeibiwa pikipiki, bila wenzake wa kikundi kuchangishwa. Masharti ya mafakihi ni mawili makubwa: deni liwe lilichukuliwa kwa jambo la halali, na mdaiwa awe hana uwezo wa kulilipa.