Mizani ya Hewa

Muuza nyama hukaguliwa mizani yake, kwa kuwa watu wamekubaliana kwamba kumpunja mnunuzi robo ya kilo ni wizi. Muuza maziwa hupimiwa maziwa yake, yasije yakawa yametiwa maji. Lakini kitu ambacho kila kiumbe hukitumia usiku na mchana, macho na usingizini, kimekaa katika miji mingi bila ya mizani. Kitu hicho ni hewa. Basi swali ni hili: dhara lisilopimwa lina mwenye kulaumiwa?

Kampala ni mfano wa kufaa. Mji huo umejengwa juu ya vilima, na katika mabonde yake hukusanyika moshi wa magari makuukuu na pikipiki, vumbi la barabara zisizo lami, moshi wa mkaa na kuni, na wa taka zinazochomwa. Ndani ya mchanganyiko huo zimo chembe ambazo upana wake hauzidi maikromita 2.5, kiasi cha sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huleta maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, na kichomi kwa watoto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo. Shirika hilo hukadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani, husababisha vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka.

Hata hivyo, ni nadra mno cheti cha kifo kutaja moshi. Mwenye gari husema moshi wake ni kidogo. Mwenye jiko husema hana nishati nyingine. Na wote wawili husema kweli. Dhara limegawanywa kwa watu wengi hata fungu la kila mmoja likaonekana si kitu. Maumivu, lakini, hayakugawanywa sawa. Mwenye gari hufunga vioo. Mchuuzi wa kando ya barabara hana kioo cha kufunga.

Pengine itasemwa kuwa nchi maskini ishibe kwanza, ndipo ipime hewa, maana mashine za kupimia ni ghali. Lakini aliyekosa pumzi hawezi kuitafuta shibe. Na hoja ya bei imepungua nguvu: mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza mradi wa AirQo, wakaunda vipimo vya bei nafuu vyenye kustahimili vumbi na joto, na vingine vikafungwa juu ya bodaboda. Mwaka 2024 Uganda ilitoa kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Kinyume chake, Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kutangaza habari za vipimo vilivyokuwa katika balozi zake duniani, kwa sababu ya fedha. Macho ya kuazima hurudi kwa mwenyewe. Mji hauna budi kuwa na macho yake.

Kipimo hakisafishi hewa, kama vile kupima homa kusivyoponya mgonjwa. Kazi yake ni nyingine: huondoa udhuru. Asiyeweza kujua husamehewa. Awezaye kujua akakataa, kukataa kwake ndilo kosa lake la kwanza. Na akijua akakaa kimya, hilo ni la pili, nalo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo dhara lisilopimwa lina wa kulaumiwa: ni wale waliopewa dhamana ya mji, wakiwa na uwezo wa kulipima, wasilipime. Mnunuzi wa nyama alipewa haki ya mizani; mchuuzi wa barabarani naye anastahili kujua anachokivuta.