Nia Njema Haitoshi

Mafunzo ya Uislamu yanasema kila tendo hupimwa kwa nia, na Imamu Bukhari alianza mkusanyo wake wa hadithi kwa fundisho hilo. Je, basi, kijana wa Ulaya anayekuja Likoni au Kisauni, pwani ya Kenya, kwa wiki mbili kufundisha watoto kuhusu kasa na mikoko amekwisha tenda wema? Thawabu yake anaijua Mungu. Faida kwa mtoto ni hesabu nyingine, nayo hudai elimu na subira. Ushahidi uko Bamburi, pwani hiyo hiyo. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda cha saruji, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mvinje ulistahimili, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Aliwaleta majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Kazi ya subira kama hiyo haionekani kwa mgeni wa siku chache.

Wapo watakaosema mwalimu wa wiki mbili ni afadhali kuliko kukosa mwalimu. Hoja hiyo ina uzito pale anapomsaidia mwalimu wa shule, si pale anapochukua nafasi yake. Mtoto akizoeshwa sura mpya kila mwezi, huanza somo upya kila mwezi. Anayejitolea na aulize kwanza: nikiondoka, nani ataendeleza? Akikosa jibu, nauli ya ndege ingemfaa zaidi mwalimu wa hapa hapa.