MIUJIZA YA NABII ISA NA MIZANI YA SANADI

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baad: yapasa ijulikane ya kuwa Mwislamu hakatai miujiza ya Nabii Isa, alayhi ssalaam. Kuponya vipofu na wenye ukoma, na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu, Qurani yathibitisha. Mwenye kukanusha hayo amekanusha Kitabu chake mwenyewe.

Lililo la kuchunguzwa ni upokezi. Mwisho wa Injili ya Marko, sura ya 16, zimo aya 12 ambazo ndani yake waaminio wameahidiwa kushika nyoka na kunywa sumu wasidhurike. Aya hizo hazimo katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikano. Na wanachuoni wengi wa Kikristo wenyewe wakiri hayo.

Basi kijana wa Maji ya Chai akijadiliana na jirani yake Mlutheri, asikejeli, wala asiseme yote ni uzushi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefunza kwamba habari za Watu wa Kitabu zisizo na dalili zisisadikiwe wala zisikadhibishwe. Na kwa mizani hiyo hiyo avipime visa vya ajabu visomwavyo barazani kwake bila sanadi. Kwani kumzulia Mtume ni dhambi kubwa, hata kwa nia ya kumsifu. Wallahu aalam.