Safari ya Nyumba Nzima



 Naomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 10, msome toka mstari wa 7 mpaka wa 11. Tunaposoma habari za mapigo ya Misri, mara nyingi twakimbilia nzige na giza, tukayapita mazungumzo mafupi yaliyo katikati. Farao, akiwa amechoshwa na mambo ya Musa, anauliza swali la kiofisi kabisa: ni akina nani hasa watakaokwenda? Musa anajibu kwamba watakwenda wote, wadogo na wazee, wana na mabinti, hata mifugo, kwa kuwa wana sikukuu ya Bwana. Farao anakataa. Yuko tayari kuwapa ruhusa wanaume peke yao.

Nilifundisha watoto, na baadaye walimu wanafunzi katika chuo cha ualimu, na swali hili nililipenda sana: kwa nini Farao alitaka wazee na watoto wabaki? Wengi hujibu kwamba aliwataka wawe rehani, ili wanaume wasikose kurudi. Jibu hilo nalipa alama zake. Lakini liko na jingine. Watu wakienda kumwabudu Mungu bila wazee, hawana wa kuwasimulia. Wakienda bila watoto, hawana wa kumsimulia. Sikukuu ya namna hiyo ingekufa jangwani mwaka uleule. Tazameni jinsi mlango wa 12 na wa 13 unavyorudia habari ya mtoto kuuliza na mzazi kujibu. Pasaka haikuanzishwa kwa ajili ya watu wazima wenye nguvu peke yao.

Nayo iliwekwa katika mwezi wa Abibu, majira ambayo nchi ile yote huchipua na shayiri hutoa masuke. Kwetu Ugogo ni wakati mvua zinapoaga, mtama umesimama shambani, na mtu anaweza kuketi akapumua. Basi juma la Pasaka lililopita nyumba yangu ilikubaliana kutumia siku tatu za likizo kwenda kuiona Hifadhi ya Taifa ya Tarangire.

Sikudhani kwamba Farao angehudhuria kikao cha familia yetu, lakini alihudhuria. Wanangu waliandika majina, wakapiga hesabu ya viti, mafuta na malazi ya Babati, na jina la Mama halikuwamo. Mama yangu ana miaka 86. Amempita nabii Ana wa Luka mlango wa 2 kwa miaka miwili. Wanangu hawakusema kwa ubaya. Walisema, "Mama, Bibi atachoka. Miguu inamsumbua. Na choo njiani itakuwaje?" Yote hayo ni kweli. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mlenda, hakusema neno. Ndugu zangu, kunyamaza kwa mzee katika kikao kama hicho si kukubali. Mzee hunyamaza kwa kuwa amekwisha kusikia anavyohesabiwa.

Nikawaambia kwamba kama Mama haendi, pensheni yangu nayo haiendi. Wakacheka, wakaongeza kiti.

Siwezi kuwachosha kwa habari za njia. Lami ya kutoka Dodoma mpaka Babati, ambayo ilifunguliwa mwaka 2018, ni nzuri. Tulisimama mara tano kwa ajili ya Mama na mara saba kwa ajili ya watoto, hata yule aliyeogopa habari ya choo akaona aibu. Tulipopita Kolo niliwaonyesha wajukuu vilima vyenye michoro ya watu wa kale, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Katika michoro ile wamo tembo. Watu waliotutangulia mno waliwaona wanyama hawa, wakaona vema kuwaachia habari wale watakaokuja baadaye. Siku ya pili tukafika Kwakuchinja, tukakata kulia kuelekea lango la hifadhi.

Anayetaka kuona makundi makubwa ya nyumbu na pundamilia asiende Tarangire wakati wa masika. Mvua ikinyesha wengi wao hutoka nje ya hifadhi kwenda mbuga za Simanjiro kuzalia huko, na hurudi mtoni wakati wa kiangazi. Nyasi zilikuwa ndefu, barabara zilikuwa na tope jeusi linaloshika gari, na mbung'o hawakutuhurumia. Lakini nchi ilikuwa ya kijani toka mwisho huu hata mwisho ule, na mibuyu ambayo kwetu huwa mitupu kama mifupa ilikuwa imejaa majani. Zaburi ya 104 niliifundisha mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya ubao. Sikupata kuielewa kama siku ile.

Tulikuta tembo karibu na mto, kundi la mama na watoto, mmoja akiwa mdogo mno, anapita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama. Wajukuu wakapiga vigelegele vya kunong'ona. Mama yangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hao ni wezi."

Watoto wakamgeukia kwa mshangao. Akaeleza kwamba alipokuwa msichana alilala shambani juu ya dungu usiku baada ya usiku akipiga debe, na asubuhi moja mtama wote ulikuwa umelala chini. Kwake tembo si picha ya kalenda. Nami nakiri kwamba nilifurahi aliposema hivyo, kwa maana wako watu wanaohubiri uzuri wa wanyama wa porini ambao hawajawahi kulinda shamba usiku hata mmoja, na wanakijiji wanaokaa kando ya hifadhi wana haki ya kusikilizwa. Mungu aliumba tembo na mtama, na kuvipatanisha ni kazi aliyotuachia sisi.

Tulipofika mahali pa kula, juu ya mto (tumbili waliiba chapati mbili, mlinde chakula chenu), alikuja kijana mmoja mhifadhi. Akampa Mama shikamoo kwanza, kisha sisi wengine. Mjukuu wangu wa darasa la tano akamwuliza, "Kaka, yule tembo dume anayewaongoza yuko wapi?" Kijana akacheka, akasema hakuna dume. Madume wakishakua huondoka. Kundi lile ni akina mama, dada, binti na watoto, na anayeongoza kwa kawaida ni jike mzee kupita wote. "Anawaongoza bibi yao," akasema.

Hapa naomba mnivumilie nifundishe kidogo, maana jambo hili nililisoma baada ya kurudi, nikaona ni la kuhubiriwa. Mwaka 1993 Tarangire ilipatwa na ukame mkali. Katika watoto wa tembo 81 waliokuwa wakichunguzwa, 16 walikufa kwa muda wa miezi 9, yaani karibu watoto 20 katika kila 100, wakati miaka ya kawaida hufa kama 2 tu. Watafiti walioandika habari hizo mwaka 2008 waliona kwamba tembo wale walikuwa wa koo tatu. Koo mbili ziliondoka hifadhini zikaenda kutafuta maji na malisho kwingine. Ukoo wa tatu ulibaki, nao ndio uliopoteza watoto wengi zaidi. Kisha wakaona tena kwamba watoto wa mama wenye umri mkubwa walipona zaidi. Maelezo yao ni haya: eneo lile lilikuwa limepata ukame mkubwa kati ya mwaka 1958 na 1961, na katika koo zilizoondoka walikuwamo majike wazee wa kutosha kuwa waliuona ukame ule wakiwa wadogo. Ukoo uliobaki haukuwa na wazee wa umri huo. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili walipiga tembo wengi, nao hutafuta pembe kubwa, na pembe kubwa ni za wazee.

Fikirini hayo. Jangili alipofyatua risasi alipata pembe mbili. Watoto waliokufa mwaka 1993 wengine walikuwa hawajazaliwa siku ile, na hakuna aliyewahesabu katika bei.

Lakini kwangu mimi jambo lenyewe lilitokea palepale mezani kabla sijasoma chochote. Kijana yule aliposema kwamba bibi yao ndiye anayejua maji yalipo wakati wa kiangazi, Mama alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Hata sisi ni mama mkwe aliyetutoa."

Akatusimulia njaa ya mwaka 1961. Mtama ulikauka, ng'ombe wakaisha, watu wakala majani ya mbuyu na mizizi. Wanaume wengine walisema wangoje, kwamba mvua haziko mbali. Mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa msichana wakati wa ile njaa kuu ya Mtunya, iliyowaua watu wengi Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Aliwaambia kwamba anakumbuka walikongoja hivihivi, na waliongoja walizikwa. Akafunga mzigo wake akasema anakwenda kuhemea upande wa milima ya mashariki, kwa watu waliompokea utotoni, anayetaka amfuate. Walitembea siku nane. Yeye ndiye aliyejua kila mahali penye kisima. Mimi nilibebwa mgongoni.

Hayo nilikuwa nayajua kidogo. Nisilolijua ni kwamba nilikuwa na kaka. Alikuwa na umri wa miaka mitano, akafa siku ya sita ya safari ile, wakamzika chini ya mkwaju kando ya njia, na asubuhi wakaendelea kwa sababu maji yalikuwa mbele. Mama alilitaja jina lake mezani pale, mbele ya wajukuu na kitukuu, kwa mara ya kwanza masikioni mwangu. Nina miaka 65. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Hamkuniuliza habari za njia. Mliniuliza habari za shule."

Mwaka uleule wa 1961, mwezi wa Septemba, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la kuhifadhi wanyama (msilichanganye na lile la mwaka 1967), akisema urithi huu utatunzwa hata wajukuu wa watoto wetu waufurahie. Nilimtazama yule kitukuu akila chapati iliyosalia, nikawaza kwamba ahadi ile ilitolewa wakati Mama akiwa njiani na mimi mgongoni, na sasa sote tumeketi ndani yake.

Wapendwa, sitaki wazee wenzangu wasome haya wakajisifu. Angalieni tena tembo wale. Jike mzee hakuwaokoa wenzake kwa kukaa palepale na kusema tumezoea hapa. Kumbukumbu yake ilimtoa mahali alipopazoea. Wapo wazee kanisani ambao kazi yao ni kushika funguo na kusema jambo hili halijawahi kufanyika katika mtaa huu. Huko si kuongoza. Bibi yangu aliikumbuka njaa ya kwanza ili awatoe watu katika ya pili. Zaburi ya 78 yatuagiza tusiwafiche watoto habari za Bwana, na wengi wetu tunawaficha; wengine kwa kiburi, wengine, kama Mama, kwa uchungu tu.

Nanyi vijana, msingoje mzee aanze. Katika Kutoka mtoto ndiye anayeuliza kwanza. Na ziko nyumba katika parishi yetu ambamo kizazi cha katikati kilikatwa na UKIMWI kabla dawa hazijapatikana, bibi akabaki na wajukuu. Nyumba hizo zimekwisha kuuona ukame wake, wala hazihitaji hotuba yangu. Zinahitaji mtu wa kwenda kuketi, kusikiliza, na kuteka ndoo ya maji wakati wa kuondoka.

Tuliporudi nyumbani tuliifungua Biblia ya familia, ukurasa ule wa mbele ambao Baba aliandika majina yetu. Mjukuu wangu wa darasa la tano, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliandika jina la kaka yangu mahali pake, juu ya jina langu. Mahali pa kaburi aliandika maneno aliyoambiwa na Mama: chini ya mkwaju, kando ya njia, siku ya sita. Tarehe hatunayo. Jumapili iliyofuata Kasisi alimtaja katika maombi ya marehemu, na Mama, ambaye siku hizi huketi wakati wa maombi, alisimama.

Neno la mwisho ni la kazi. Vijana wa parishi wanapanga safari kama hii juma la Pasaka mwaka ujao, na nimeiona orodha yao ya majina katika ubao wa matangazo. Ni orodha nzuri, ila hakuna hata jina moja la mtu aliyevuka miaka 40. Nimezungumza na mwenyekiti wao, naye amekubali viti vinane vya mbele viwe vya wazee. Nauli ya viti viwili ninayo. Wanaoweza kulipia vingine waonane na mtunza hazina baada ya ibada, na wenye wazee wasioweza kupanda ngazi za basi waniambie mapema, tutabeba kigoda.