Tafakuri ya Siku ya 12: Farasi wa aina tatu na Peugeot moja



Alhamdulillah, tumeingia kumi la pili. Leo mnivumilie, nitazungumza habari ya magari. Najua wengine mtacheka, maana mwanijua mimi hata tairi sijui kubadilisha. Lakini kisa hiki kimenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, na wenyewe, mume na mke, wameniruhusu nikisimulie bila majina.

Kuna ndugu yetu mmoja anafanya kazi bandarini hapa Mombasa. Mtu wa swala, mtu wa watu. Miaka mitatu iliyopita alinunua Peugeot 504 kuukuu huko Kilifi. Ilikuwa imelala chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani. Nyinyi wa rika langu mwalijua gari hilo. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 toleo jingine la 504 likashinda tena. Lakini kwetu sisi lilikuwa gari la abiria: safu tatu za viti, mizigo juu ya keria, na dereva anayejua kila shimo la njia. Marehemu babake ndugu huyu aliendesha moja kama hilo, Mombasa kwenda Malindi, na kwa kazi hiyo akasomesha watoto sita.

Basi akaanza kulifufua. Leo viti, mwezi ujao rangi, kisha kabureta. Akaingia kilabu cha wapenzi wa magari ya zamani. Jumapili asubuhi wanakutana Mama Ngina, wanafungua maboneti, huyu anamwonyesha mwenziwe injini, yule rimu, watoto wanapiga picha. Ramadhani wakahamisha mkutano: baada ya tarawehe mpaka karibu na daku.

Nyumbani nako mambo yakachacha. Mkewe alikuja kwangu akaniambia, "Sheikh, mimi nina mke mwenza. Ana magurudumu manne." Nikataka kucheka, lakini uso wake haukuwa wa kucheka. Kabureta aliyoambiwa ni ya shilingi 4,000, ujumbe wa M-Pesa alipouona umeandikwa 14,000. Na mwezi huo huo mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Lakini halikumleta hilo. Lililomleta ni siku ya tano ya Ramadhani. Binti yao wa miaka tisa alifunga kutwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tangu adhuhuri ameshampigia babake simu: "Baba, leo sijavunja!" Jioni akatandika mkeka mwenyewe, akaweka tende kwenye visahani, akammiminia babake uji. Babake yuko gereji Changamwe. Baada ya alasiri alisema, "Nakaza bolti mbili, nakuja." Bolti moja ikakatikia ndani ya hedi. Akawa anahangaika nayo, mara msumari, mara nyundo, "sasa hivi itatoka." Adhana ya magharibi ikamkuta kichwa kimo ndani ya boneti. Akafuturu kwa maji ya chupa ya fundi.

Alipofika nyumbani, isha imekaribia. Mtoto amelala pale pale mkekani. Kabla ya kulala alimuuliza mamake swali moja: "Baba kafuturu na nani?"

Mama wa watu akaniambia, "Sheikh, mwambie gari lile ni haramu, aliuze tuishi." Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kwangu kumpa alichotaka. Lakini siwezi kumharamishia mtu kitu ambacho Mwenyezi Mungu hakukiharamisha. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Allah anatutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo. Uzuri wa kipando ni neema. Na amepokea Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume wetu, swallallahu alayhi wasallam, alishindanisha farasi. Waliofunzwa mbio walianzia Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa wakapewa njia fupi, kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Kwa hivyo watu kukutana, kufurahia vipando vyao, kila mmoja kumsifia mwenziwe, si jambo geni katika dini yetu.

Basi tatizo liko wapi?

Katika Surat Swaad, kuanzia aya ya 30, tunasoma habari ya Nabii Sulaiman, alayhis salaam. Jioni moja aliletewa farasi wazuri mno, akawaangalia. Wafasiri wengi wamesema uzuri wao ulimshughulisha mpaka jua likazama na wakati wa swala ukampita. Wengine wamesema waliotoweka machoni ni farasi wenyewe, si jua. Hata alivyowapapasa miguu na shingo baadaye, wapo waliosema aliwachinja na wapo waliosema aliwapangusa kwa mapenzi. Mimi nichukue hili la wengi: huyu ni Nabii, na farasi wale ni wa kupigania dini. Ikiwa kwa yeye jua liliweza kuzama bila kutambua, mimi na wewe tuna usalama gani? Kitu cha halali kinaweza kukuibia jua lako, na wewe umeshika spana tu mkononi.

Ipo na hadithi nyingine, ya Abu Hurayra, katika Bukhari na Muslim. Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alitufundisha kwamba farasi ni wa aina tatu. Yuko aliyemfunga farasi wake katika njia ya Allah: huyo kwake ni ujira, hata majani anayokula na nyayo anazoacha anaandikiwa. Yuko aliyemfunga ili ajitosheleze asiombe watu, na hakusahau haki ya Allah ndani yake: huyo kwake ni sitara. Na yuko aliyemfunga kwa fahari na kujionyesha na uadui: huyo kwake ni mzigo.

Tazama vizuri. Mnyama ni yule yule. Kinachobadilika ni nia ya mwenyewe na haki anazotoa au kuzizuia. Kisha wakamuuliza, na punda je? Akawajibu kwamba juu ya punda hakuteremshiwa kitu mahsusi isipokuwa ile aya ya Suratul Zalzalah, kwamba kila mtu ataona uzito wa chembe ya kheri yake na chembe ya shari yake. Sasa akija mtu leo akauliza, na Peugeot je? Jibu analo tayari.

Nilimwita yule ndugu tukakaa barazani baada ya swala ya alfajiri. Nikamwambia kwanza, "Gari lako si haramu." Akashusha pumzi. Nikamwambia, "Lakini ule uongo wa shilingi 10,000 ni uongo. Na karo ya mwanao ni haki yake, si fadhila yako." Akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Sheikh, mimi sipendi chuma. Likiwaka lile gari, namsikia baba."

Nami nikamuuliza, "Babako alipokuwa akilizima gari lake jioni, nyinyi watoto mlikuwa mkifanya nini?"

Akasema, "Tulikuwa tukikimbilia mlangoni." Akainamisha kichwa, hakusema tena.

Ndugu zangu, kumbukeni kisa cha Salman na Abu Dardaa, radhiyallahu anhuma. Salman alimzuru nduguye akamkuta mkewe hajajipamba. Alipomuuliza, akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Mchana anafunga, usiku anaswali, nyumba imeachwa. Salman akamkumbusha kwamba Mola wako ana haki kwako, nafsi yako ina haki kwako, na mkeo ana haki kwako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alisema Salman amesema kweli. Sasa pima mwenyewe: ikiwa swala na saumu za sunna haziruhusiwi kumnyima mke haki yake, gasketi itaruhusiwa?

Na mizani hiyo ina upande wa pili. Nafsi nayo ina haki. Mtu anayebeba kazi nzito wiki nzima anahitaji kitu cha kumburudisha moyo. Nilimwambia mama yule vile vile: usimnyime chote, mnyang'anye kile tu kilichokuwa chako na cha watoto.

Walikaa wakapatana. Mume alitaka waanze na hesabu, nikamzuia: kwanza msamaha, kwa ule uongo. Akaomba. Kisha wakaandika: karo na matumizi ya nyumba vinatoka mwanzo, na kinachowekwa kwa gari kila mwezi wote wawili wanakijua. Ramadhani, ikiadhiniwa alasiri, spana zinawekwa chini. Mkewe alipoulizwa kama ameridhika, alisema, "Nimesikia. Nitaona." Nami nikasema ana haki. Imani iliyovunjwa kwa uongo hairudi kwa neno moja. Hurudi kwa magharibi nyingi za kuonekana mlangoni.

Kile kilabu nacho wamejipangia: usiku wa Ijumaa na Jumamosi wanawachukua wazee wasioweza kutembea, wanawaleta tarawehe na kuwarudisha. Juzi nimeona mzee wetu mmoja akishuka kwenye Datsun iliyong'arishwa, anatabasamu kama bwana harusi. Huyo ndiye farasi wa ujira. Ile 504 yenyewe haijawaka bado, bolti ingali imo hedini. Ndugu yetu amekuja amepanda gari la mwenziwe, binti yake ameketi kando yake.

Labda wewe unayesoma huna gari. Lakini una kitu. Mwingine ni mpira, mwingine njiwa, mwingine bao hapo barazani, mwingine simu hii hii aliyoishika. Nami nijiseme: juzi mke wangu aliniuliza kama tafakuri hizi nawaandikia nyinyi au nazikimbilia, maana nilikuwa nikiandika na futari inapoa. Sikuwa na jibu. Hii ya leo nimeiandika baada ya daku, watu wa nyumbani wamelala.

Basi leo, kabla ya magharibi, jiulize mambo matatu. Kitu ninachokipenda, je, gharama yake ya kweli inajulikana nyumbani? Kuna haki ya mtu niliyoichelewesha kwa ajili yake? Na kuna mja wa Allah anayenufaika nacho zaidi yangu? La kwanza na la pili likikusuta, leo ndiyo siku ya kurekebisha. La tatu likikukosa, mlango uko wazi.

Na jioni ya leo, ikiwezekana, uwe umekaa mkekani kabla ya adhana.

Ewe Mola wetu, vifanye vipando vyetu viwe ujira au sitara, usivifanye mzigo. Tusamehe tuliyowadanganya wake zetu na waume zetu, na tupe ujasiri wa kuwaambia kweli. Warehemu wazazi wetu waliotubeba, na uwafanye watoto wetu wafurahi wakisikia tunarudi. Taqabbal minna. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Tangazo: mwenye mzee nyumbani anayehitaji kuletwa tarawehe, amwone muadhini baada ya alasiri.