Haki ya Mwenye Kuponi

Neno kuponi limetufikia kutoka katika Kifaransa, na asili yake ni tendo la kukata. Kuponi ni kitu kilichokatwa, yaani kipande. Walimu wenzetu watakumbuka mara moja kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na kipande chake, tena chenye historia chungu. Katika mashamba ya Tanganyika ya kikoloni, kipande kilikuwa kadi ya kibarua, iliyotiwa alama kila siku aliyofanya kazi, hata zitimie siku 30 ndipo alipwe mshahara. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilikuwa cheti ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa na sheria kukichukua kila waendako, nao wakakivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kipande hicho kilimtangaza mwenye nacho kuwa mtu anayedaiwa: anadaiwa kazi, anadaiwa jina, anadaiwa alama za vidole. Kuponi ya dukani yatangaza kinyume chake. Yasema kwamba mwenye nayo ndiye anayedai.

Anadai nini hasa, na kwa haki gani? Na je, haki hiyo ni ya mkono ulioishika karatasi, au ni ya jina lililoandikwa juu yake, au ni ya njaa iliyoifanya karatasi hiyo ikatwe? Mtu akaaye penye maduka yaliyojaa ataliona swali hili kuwa la mzaha. Sisi wa Bujumbura hatuna nafasi ya kulicheka. Tumeona magari yakilala kwenye vituo vya mafuta usiku kucha, na tumeona sukari ikitoweka madukani kana kwamba imeyeyuka. Kiwanda cha SOSUMO kilichoko Moso, mashariki ya nchi, kilianza kutoa sukari mwaka 1988, lakini sukari yake imeshindwa kukata kiu ya nchi nzima. Panapokuwa na bei iliyopangwa na mzigo usiotosha, mstari huzaliwa. Na mstari ukiwa mrefu, kuponi huzaliwa.

Tutasimulia jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lililotusukuma kuandika. Ilikuwa mwaka 2023, katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mlango kwa mlango. Mwenye duka mmoja, mtu wa heshima zake, alikuwa akipata mifuko michache ya sukari mara kwa mara. Ili kuepusha msukumano alikata maboksi ya sabuni vipande vidogo, akavipiga muhuri wa duka, na juu ya kila kimoja akaandika namba na jina. Kuponi zilitolewa baada ya sala ya alfajiri. Sukari iliuzwa kuanzia saa nne. Mlangoni alibandika masharti matatu: kila aliyesimama mstarini apewe kuponi moja, ya kilo moja, kuponi itumiwe na mwenye jina, isiyotumiwa leo haina kazi kesho.

Siku hiyo tulisimama mstarini, na mpwa wetu tunayekaa naye akasimama nyuma yetu. Tukapata kuponi mbili. Hapakuwa na hila yoyote: watu wawili, majina mawili, kilo mbili. Saa nne na nusu, tukiwa tumekwisha pokea mifuko yetu, alifika mama mmoja jirani yetu, amevaa kitenge cha kutokea, akiwa na kuponi mkononi.

"Jina hili ni lako, mama?" mwenye duka akamwuliza.

"La binti yangu, mwanangu. Alikuja mwenyewe alfajiri na tumbo lake. Sasa yuko hospitali, uchungu umemshika. Sukari ni ya uji wake."

"Pole sana, mama. Lakini nikikupa wewe, wale nitawajibu nini?"

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, walikosimama vijana watatu. Kila mtu aliwajua. Kazi yao ilikuwa kununua kuponi kwa watoto na kwa wazee waliochoka kusubiri, kisha kuiuza sukari jioni kwa bei waitakayo. Sharti la jina lilikuwa limewekwa kwa ajili yao. Mama akaitazama kuponi, akaikunja, akaondoka. Sisi tulikuwa tumesimama hatua tatu kutoka hapo, mifuko miwili mikononi, na hatukutamka neno.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza nani alikosa. Kabla ya kujibu, inafaa kutenga aina mbili za kuponi, maana huchanganywa mno. Iko kuponi ambayo ni zawadi ya mwuzaji. Wauzaji wa Coca-Cola mjini Atlanta, mwishoni mwa karne ya 19, waligawa vikaratasi vya kumpa mtu glasi moja bure, ili aonje na arudi. Na hadi leo maduka makubwa ya Marekani hupunguza bei kwa njia hiyo. Hapo masharti ni ya mtoaji. Akisema kuponi yafa mwisho wa mwezi, au haiunganishwi na nyingine, hatuna la kulalamika, ila tu kama masharti yalifichwa hadi mteja alipofika mbele ya mwenye kupokea fedha. Asiyepewa zawadi hajanyang'anywa kitu.

Kuponi ya sukari ya Buyenzi haikuwa zawadi. Ilikuwa mgao. Mgao hutokea pale ambapo kilichopo hakitoshi na kila mmoja ana sehemu yake kabla hata karatasi haijakatwa. Karatasi haimpi mtu sehemu hiyo, yaitambua tu. Hapo sharti la mwenye duka laweza kupimwa, kwa kuwa lasimama juu ya haki ambayo si yeye aliyeiumba.

Swali hili lina umri mkubwa kuliko maduka yetu. Imamu Malik bin Anas, aliyefariki mwaka 795, ameeleza katika kitabu chake Muwatta kwamba zamani za Marwan bin al-Hakam watu wa Madina walitolewa hati za chakula cha bandari ya al-Jar. Watu wakaanza kuuziana hati hizo kabla hawajakipokea chakula chenyewe. Zaid bin Thabit na sahaba mwingine wakamwendea Marwan, wakamkemea kuwa anahalalisha riba. Marwan akawatuma askari wazinyang'anye hati mikononi mwa walionunua na kuzirudisha kwa wenyewe. Wanavyuoni waliofuata waliijadili habari hii kwa makini. Imamu Nawawi, ambaye wasomi wengi wa pwani yetu humtegemea, aliona kwamba lililokatazwa ni kuuza kwa yule mnunuzi wa pili, anayefanya biashara ya kitu asichokishika, wala si kwa yule wa kwanza aliyepewa hati iwe yake.

Tazama jinsi hukumu ile ilivyolenga. Haikuchukia karatasi kubadilisha mikono. Ilichukia faida inayochumwa katikati ya chakula na mlaji. Vijana watatu wa ng'ambo ya barabara wangetambulika Madina bila kutajwa majina. Mama yule asingetambulika miongoni mwao, maana hakununua wala hakuuza. Alikuwa mkono wa binti yake.

Basi mwenye duka alikosa? Hatuthubutu kusema hivyo upesi. Tanzania ilipopungukiwa na sukari, sabuni na mafuta ya kula mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulanguzi uliota mizizi hata serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaanzisha mwaka 1983 msako mkubwa wa walioitwa wahujumu uchumi. Msako haukujaza rafu. Bidhaa zilianza kurudi baada ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984. Lakini hofu ya mlanguzi haikuwa ndoto, wala hofu ya mwenye duka wetu si ndoto. Aliyewahi kuona mzigo wa mtaa mzima ukimezwa na watu watatu anajua kwa nini mtu huandika majina.

Iko sababu nyingine, nayo kwetu ina uzito zaidi. Mwenye duka alimfahamu mama yule. Alijua hasemi uongo. Angeweza kumwambia pite. Lakini kesho yake angemjua nani? Angemjua shemeji yake, kisha jirani wa nyumbani, kisha mtu wa asili yake. Katika nchi hii twajua vyema mahali liwezapo kufika neno "huyu namfahamu". Sharti lisilotazama uso humwumiza mtu mmoja leo, ila huwakinga wengi wasio na mtu wa kuwafahamu.

Hata hivyo, kutotazama uso si kinga kamili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilipogawa chakula kwa kadi, iliwapanga watu kwa asili zao, na mgao wa mchele haukuwa sawa kati ya Mwafrika, Mwarabu na Mhindi. Sharti lile pia liliandikwa, likatangazwa, likafuatwa kwa utaratibu. Karani aliyepima mchele pengine hakumpendelea mtu hata siku moja. Dhuluma ilikuwa imekwisha kukaa ndani ya kadi kabla karani hajaamka.

Na sharti la duka la Buyenzi, lilikuwa limebeba nini ndani yake? Hapa ndipo tunapojikuta sisi wenyewe. Lilihesabu miguu iliyosimama mstarini. Halikuhesabu vinywa vinavyosubiri nyumbani. Nyumba yetu ina watu wanne, wawili kati yao wenye nguvu ya kuamka alfajiri, kwa hiyo ikapata kilo mbili. Nyumba ya mama yule ilikuwa na mwenye mimba mmoja aliyejikokota, ikapata kuponi moja, nayo ikafa saa nne na nusu. Sisi tulilitii sharti, tukachukua kuliko fungu letu. Yeye alilivunja, akiomba fungu lake tu.

Tumewahi kusikia hoja kwamba aliyelitii sharti hana deni tena, kwa kuwa kuweka haki sawa ni kazi ya aliyeweka masharti. Hoja hii hufundishwa hata na watu wazima, nasi tuliitumia kujifariji siku ile njia nzima. Haisimami. Mwenye duka alikuwa amefungwa mikono kwa sababu nzuri: yeye alisimama mbele ya watu wote. Sisi hatukuwa tumefungwa na kitu. Sharti lilisema kila mmoja apewe kilo moja. Halikusema mwenye mbili azipeleke nyumbani. Nafasi ile ndogo ambayo sheria haikuigusa ilikuwa mikononi mwetu, katika mifuko miwili, nasi tukaichukulia kana kwamba ni ukuta.

Wapo watakaosema tunakuza jambo la kilo moja ya sukari. Labda. Lakini katika kambi ya Kakuma, nchini Kenya, ambako kuanzia mwaka 2015 wakimbizi waligawiwa sehemu ya chakula chao kwa njia ya simu, kwa mpango uitwao Bamba Chakula, fedha ile iliweza kutumika tu kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, na haikuruhusiwa kugeuzwa kuwa noti. Mwenye kuhitaji nauli au dawa alijikuta akiuza mgao wake kwa hasara. Huyo naye huambiwa kwamba masharti ni masharti. Tofauti ni ya kipimo tu.

Jioni ya siku ile tulimpelekea mama kilo moja. Binti yake alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Tulitaraji kupokewa kwa shukrani, na tulikuwa tumekwisha tayarisha maneno ya kuzikataa. Mama akaupima mfuko kwa mkono, akatazama, akauliza:

"Nyinyi mlipata ngapi, mwalimu?"

Tukasema mbili.

Akaingia ndani. Akatoka na noti alizokuwa ameziweka tangu asubuhi kwa ajili ya duka, akazihesabu moja moja mbele yetu, kwa bei ya dukani kamili, akatutia mkononi. Tulijaribu kukataa. Akasema yeye hakuomba sadaka, alikuwa na kuponi. Na kweli alikuwa nayo bado, amefunga kwenye pindo la kitenge. Akaifungua, akatupa na hiyo pia.

Tulizipokea noti.